Hukumu Haisongwi Ugali

Hukumu haisongwi ugali. Neno hilo mlilisikia jana, akiambiwa binti aliyerudi kutoka mahakamani anachekelea na karatasi mkononi, mkanong'onezana kwamba aliyelisema ana wivu. Hapana wivu hapo. Endeleeni kupukuchua hayo mahindi, maana masikio hayapukuchui, na msikilize. Methali hii ina mama aliyeizaa, na aliizaa kwa uchungu mkubwa, huko Kwemtandi, mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha.

Mama huyo aliitwa Mwamvita, msusi wa mikeka. Alikuwa na watoto wawili, Kidawa wa miaka saba na Mbelwa wa miaka mitatu. Baba yao alikuwa Semhando, dalali wa ng'ombe pale mnadani, mtu wa kanzu safi na maneno mengi kuliko vitendo. Semhando alioa mke mwingine akampa Mwamvita talaka, na watu wakasema aliwapa talaka na watoto, kwa kuwa tangu siku hiyo hakuwaletea hata punje. Mwamvita alipomfuata mnadani kumkumbusha, alijibiwa mbele za watu kwamba aende akawalishe kwa midomo yake, kwa kuwa anayo mirefu.

Basi akaenda kushitaki. Hakimu alisikiliza pande zote mbili, akatamka kwamba ndoa huvunjika lakini uzazi hauvunjiki, na kwamba baba analazimika kuwatunza watoto wake hata kama hataki kumwona mama yao. Akaamuru Semhando atoe madebe mawili ya mahindi kila mwezi. Ikaandikwa, ikapigwa muhuri wa wino wa zambarau. Siku hiyo Mwamvita alirudi nyumbani wanawake wanampigia vigelegele njia nzima, naye aliamini kwamba njaa imekwisha.

Mwezi wa kwanza debe halikuonekana. Wa pili vilevile. Mahakama ilipotuma watu wakakamate mali, walikuta kitanda kimoja na kanzu mbili kwenye kamba. Ng'ombe wote walikuwa wameandikishwa kwa jina la kaka yake. Semhando alikuwa amejipanga, na mtu aliyejipanga humkamati kirahisi. Mwamvita akarudi kwa hakimu.

"Mheshimiwa, hajaleta kitu."

"Sheria inakuruhusu umfungishe," hakimu alisema. "Atakaa mahabusu mpaka alipe, ila isizidi miezi sita."

"Afungwe hata leo."

Karani wa mahakama, Mzee Kibwana, akavua miwani. "Mwanangu, usikimbilie kusema leo. Huyu hakuiba wala hakupiga mtu. Ni mfungwa wa madai, na mfungwa wa madai halishwi na serikali. Anayemfungisha ndiye anayemlisha. Vibaba viwili vya unga uliosongwa, na mboga yake, kila siku kabla ya adhuhuri."

"Nani amlishe? Mimi?"

"Wewe."

"Baba, nimekuja hapa kwa sababu watoto hawana unga!"

"Najua. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na nisipoleta?"

"Atatoka. Na akishatoka, hafungwi tena kwa deni hili."

Hapo ndipo Mwamvita alipokosea, na yeyote wa Kwemtandi angekosea vivyo hivyo. Kwao, mtu akiwekwa ndani kwa deni ni aibu ya ukoo mzima. Haijapata kutokea jua likazama ndugu hawajachanga wakamtoa. Mwamvita akapiga hesabu ya desturi: siku moja, zikizidi mbili, kaka mtu atauza ng'ombe mmoja na mahindi yatakuja. Unga wa siku mbili anao. "Afungwe," akasema, naye alisema kwa furaha, Mungu amsamehe.

Siku ya kwanza alisonga ugali wa nguvu, akaunga kisamvu kwa nazi, akaupeleka mwenyewe. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu kaka yake Semhando akaja kweli. Alichungulia dirishani, akamkuta ndugu yake amekunja miguu anamega matonge. Akacheka, akaenda zake. Jioni alikutana na wenzake akawaambia: ukoo huchanga kwa hofu ya mtu wao kulala njaa, sasa huyu analishwa na mtalaka wake mwaka ambao sisi wenyewe tunakula mara moja kwa siku, tuchange cha nini? Wote wakaona ana akili.

Mwamvita akawa amenasa. Akiacha kumlisha, anatoka na deni linabaki hewani. Akiendelea, unga wa watoto unaingia tumboni mwa yule yule aliyewanyima. Kila asubuhi alijiambia, labda leo ukoo utaona haya. Akauza mikeka kwa bei ya kutupa, kisha kinu, kisha kitanda. Uji wa watoto ukawa mwepesi hadi ukaonyesha chini ya kikombe. Semhando alinenepa mashavu. Siku moja alirudisha bakuli akasema, "Mama Kidawa, leo chumvi umepunguza." Mwamvita alilia njia nzima, na hakuwa analia kwa ajili ya chumvi.

Nywele za Mbelwa zilianza kuwa nyekundu, miguu ikavimba. Alipolia usiku kucha, mama alikuwa hana la kumpa ila maneno. Akafungua pindo la kanga, akawaonyesha watoto ile karatasi. "Vumilieni, wanangu. Chakula chenu kimo humu. Hakimu amekiandika chote humu."

Siku ya kumi na tisa aliamka hana hata chembe. Akawaacha watoto na karatasi, akatoka kukopa. Alipiga hodi nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na kila mmoja alimwonyesha chungu chake mwenyewe. Si kwamba walikuwa wabaya. Walikuwa hawana. Jua lilipopita utosini alikuwa bado yuko njiani, na aliyekutana naye ni Semhando, keshaachiwa, kanzu mkononi, anachokonoa meno kwa kijiti.

"Ahsante kwa malezi," alimwambia, akapita.

Mwamvita akaendelea na njia yake. Akafika karibu na kwake akaona moshi jikoni. Akadhani kuna jirani amepata huruma, kaleta kibaba, na akakimbia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mlangoni akasimama. Mbelwa alikuwa ameketi mkekani, sahani safi mapajani, anangoja. Kidawa alikuwa ameinama juu ya sufuria, ameshika mwiko kwa mikono miwili kama alivyomwona mama yake akifanya. Ndani maji yalikuwa yanachemka, yamegeuka zambarau, na vipande vya karatasi vinazunguka humo.

"Nimesonga sana, mama," mtoto alisema, jasho linamtoka. "Nimesonga, lakini haushiki."

Hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Aliyemwambia chakula kimo humo ni yeye mwenyewe. Alimtoa mwiko mkononi, akaketi sakafuni kati yao, na siku ile walilala kama walivyoamka.

Mbelwa hakuyaona masika. Siku ya mazishi Semhando alikuja mbele ya watu wote na sanda nyeupe mpya, dhiraa zimezidi, na udi na marashi. Ukoo ulikuwa umechanga, kaka mtu ameuza ng'ombe, kwa kuwa mtoto wa ukoo kuzikwa vibaya ni aibu. Walioona sanda ile waliisifu. Hapakuwa na hakimu aliyewaamuru kuileta.

Watu walipotawanyika, Mzee Kibwana alimkuta Mwamvita ameketi peke yake, Kidawa amelala mapajani. Yule mzee alikuwa ameandika maelfu ya hukumu na hakuwahi kumfuata mtu nyumbani.

"Mwanangu, nimesikia yaliyoipata karatasi yako. Daftari la mahakama lipo. Nitakuandikia nakala nyingine, wala hutatoa hata senti. Huyu binti bado ana haki kwa baba yake. Kesi ile uliishinda."

Mwamvita aliangalia miguu ya Kidawa, ambayo nayo ilikuwa imeanza kuvimba.

"Niandikie, baba," akasema. "Nitaipokea, maana ni haki ya mtoto. Ila usiniambie nimeshinda. Hukumu haisongwi ugali."