Mama Digidigi Amtafutia Mwanawe Kocha

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama mnaumwa meno. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na viwanja vyao vya mpira, alikuwako Mama Digidigi na binti yake, Zawena. Digidigi mnamjua, ni paa mdogo, miguu myembamba. Zawena alipenda kukimbia. Akitumwa kuni, mbio. Akitumwa maji, mbio. Mama yake akifurahi, maana porini digidigi asiyekimbia ni kitoweo cha chui.

Mama akasema, "Huyu nitamtafutia timu." Akaenda kwa Kocha Nyumbu. Siku hiyo timu ya Nyumbu imeshinda mabao saba. Vumbi juu, vigelegele kila upande. Nyumbu akamfuata mwenyewe, kifua mbele.

"Mlete mtoto, mama. Kwangu hatujui kufungwa."

Jamani, si tunasema kibaya chajitembeza? Lakini mama vumbi limeshamwingia machoni. Akakubali.

Zawena akaenda. Puku, puku, puku, nyumbu wote wanakimbia pamoja, moja kwa moja. Digidigi yeye hukimbia kwa kona kona. Akikata kulia, Kocha anafoka, "Wewe kijiti, nyoosha." Akikata kushoto, "Kijiti, kaa nje." Akakaa nje. Leo nje, kesho nje.

Basi Zawena akaacha kukimbia. Akitumwa kuni, anakokota miguu. Akitumwa maji, anakokota miguu. Mama akaingiwa na hofu. Akasema, "Chui akija leo, sina mtoto."

Akamtoa kwa Nyumbu. Akasikia kuna Kocha Ngiri ng'ambo ya mto. Safari hii hakupiga hodi, alijibanza kichakani. Siku hiyo timu ya Ngiri imefungwa, tena vibaya. Mama akatega sikio.

Ngiri akaketi chini, karibu na golikipa wake, kinda la kanga aliyekuwa akilia.

"Bao la pili lilipitaje, mwanangu?"

"Sikuliona, Kocha. Jua lilinipiga machoni."

"Basi kesho tutafanya mazoezi jua likiwa usoni. Kunywa maji kwanza."

Mama akatoka kichakani. "Shikamoo, Kocha. Nina binti, ila mbio zake ni za kona kona."

"Marahaba, mama. Aje tuzione."

Zawena akaenda. Akakata kulia, Ngiri akasema, "Hiyo hiyo." Akakata kushoto, "Hiyo hiyo, mwanangu." Ikaja mechi yake ya kwanza. Wakafungwa.

Mama akamngojea njiani, roho juu. Mara, chwi, chwi, chwi, Zawena huyo anakuja mbio, kulia, kushoto, akampita mama yake bila kusimama.

"Mama, fanya haraka tukalale. Kesho tunaanza mapema."

Mama alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Nanyi wazazi msijifanye mmesinzia. Ukimtafutia mwanao timu, usiende siku ya ushindi, siku hiyo kila kocha ni mwema. Nenda siku wamefungwa, usikilize anavyosema na watoto.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mtoto ambebe, akamlaze.