Mtoto wa Shujaa na Picha ya Ukutani

Hii nimetumiwa na rafiki asubuhi, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu.

Katika mji mmoja wa kusini kulikuwa na gereza kuukuu la enzi za mkoloni. Lilifungwa, likaota magugu, mwishowe wakubwa wakaamua kulifanya makumbusho. Siku ya ufunguzi walimwomba Chilumba Nampoto azungumze kwa niaba ya familia za waliofungwa humo.

Kila mtu alimjua Chilumba. Tangu utoto, mama yake, Bi Somoe, alimwambia jambo moja tu kuhusu baba yake, aliyefariki Chilumba angali mchanga: "Baba yako alikuwa gerezani miaka mingi." Chilumba alilisimulia hilo shuleni, akalisimulia mikutanoni. Watu walimwita mtoto wa shujaa, na kwenye kila shughuli aliwekwa kiti cha mbele.

Siku hiyo Bi Somoe hakutulia. Njiani alisema kichwa kinamuuma. Walipofika getini akasema warudi nyumbani.

"Mama, leo ni siku ya baba," Chilumba alimjibu. "Vumilia kidogo."

Kabla ya hotuba, wageni walitembezwa ndani. Walipita vyumba vyembamba visivyo na madirisha, wakaziona pingu, wakauona ua wa kunyongea. Bi Somoe aliushika mkono wa mwanawe kwa nguvu mpaka kucha zikamwingia.

Kwenye ukumbi wa mwisho kulikuwa na picha kubwa ya askari jela wakiwa wamejipanga, virungu mkononi. Chilumba aliitazama, akataka kupita, akarudi. Askari wa pembeni alikuwa na paji la uso la Chilumba mwenyewe. Alikuwa na masikio yake.

"Mama, huyu ni nani?"

Bi Somoe aliinamisha kichwa. "Ndiye baba yako."

"Lakini amevaa nguo za askari!"

"Nilikwambia alikuwa gerezani, mwanangu. Sikukwambia alifungwa."

"Kwa nini uliniacha niseme vile miaka yote?"

"Mwanzoni niliogopa majirani wakijua watatuchukia. Baadaye nikakuona unavyofurahi, nikaogopa zaidi."

Chini ya picha hapakuwa na majina. Chilumba aligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine aliyeona. Hakuna. Angeweza kunyamaza. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mara akasikia jina lake kwenye kipaza sauti.

Alipanda jukwaani. Watu wakapiga makofi. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mmekuwa mkiniita mtoto wa shujaa. Leo nimeiona picha ya baba yangu humo ndani. Hakuwa mfungwa. Alikuwa askari wa gereza hili. Niliwaambia nisichokijua. Naomba radhi."

Makofi yalikatika. Kukawa na minong'ono, kisha mtu akapaza sauti, "Shuka!" Mwingine akaitikia, "Mwondoeni!"

Ndipo akasimama bibi mmoja aliyeitwa Esha Likolovela. Baba yake alinyongwa katika gereza hilo Esha angali mdogo, na familia haikupewa mwili. Watu walijua atamlaani Chilumba mbele ya wote.

"Mwanangu," alisema Bi Esha, "nimewauliza waliofungwa humu, wote wakasema walikuwa wamefungiwa vyumbani, hawakuona. Askari waliona. Lakini sikuwahi kumpata mtu wa kukubali kwamba baba yake alikuwa askari. Sasa nimekupata wewe. Baba yangu alizikwa wapi?"

Chilumba akageuka kumtazama mama yake. Aliyejibu ni Bi Somoe, akiwa bado amekaa, machozi yakimtiririka.

"Mimi najua, dada. Siku ile mume wangu alirudi nyumbani akakataa kula. Aliniambia wamemzika Likolovela nyuma ya ukuta, chini ya tangi la maji. Wenzake walipoondoka alirudi, akapanga mawe upande wa kichwa cha kaburi ili pasipotee. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote."

Umati mzima uliwafuata hao wanawake wawili nyuma ya ukuta. Wakafyeka nyasi, wakafukua udongo wa juu kwa jembe. Mawe yalikuwepo, yamepangwa.

Bi Esha alipiga magoti, akayagusa moja moja, akalia kilio alichokuwa amekifungia tangu utoto. Chilumba alisimama mbali, hajui aondoke au abaki.

Bi Esha akainua uso. "Sijui kama nimemsamehe baba yako," alimwambia. "Labda kesho, labda nisiweze. Lakini lete hilo jembe, uje tusafishe hapa."

Chilumba akalileta, akainama, akaanza kupalilia.

Funzo: Usiufiche ukweli kwa sababu tu unakuondolea heshima, huenda ukweli huo unaokuaibisha wewe ndio ambao mwenzako ameutafuta maisha yake yote.