Ngoma Isiyofika Bondeni

Hapo zamani, milima ile ilipokuwa bado ina njia za miguu tu, palikuwa na mtawala aliyetaka ngoma kubwa. Akamwita Senzota, msimamizi wa mafundi wake, akamweleza ngoma ni ya nini. Senzota akaitikia, akatoka, akawaendea mafundi. Aliyoambiwa hakuyafikisha.

Mafundi walikuwa wawili. Mgonja alikuwa mchongaji, mtu wa maneno machache. Nakiete alikuwa fundi wa kuwamba ngozi, kazi aliyofundishwa na baba yake. Senzota akamwambia Mgonja achonge mzinga, yaani mwili wa ngoma. Akamwambia Nakiete awambe ngozi. Basi.

Nakiete hakuridhika. Alimfuata Senzota nyumbani kwake, akamkuta anakula, akangoja amalize.

"Mzee Senzota," akasema, "ngoma hii ni ya kupigiwa wapi? Nikijua hilo nitajua niwambe ngozi gani."

Senzota akanawa mikono. "Mama, wewe wamba ngozi. Mengine niachie mimi."

Jibu lile lilimchoma. Alirudi kwake akijiapiza kwamba hatauliza tena, na kweli hakuuliza tena.

Basi kila mmoja akafanya kazi kwa kukisia. Mgonja alidhani ni ngoma ya harusi, akachonga mzinga mfupi na mwembamba, ili wachezaji waweze kuubeba. Nakiete alidhani ni ngoma ya barazani, akaiacha ngozi ya fahali aliyokuwa nayo, akachagua ya mbuzi, ili isiwaumize wazee masikio. Kila mmoja alifanya kazi safi. Walishinda ua mmoja, wakinywa maji ya mtungi mmoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anaunda nini.

Kazi ilipokaribia kwisha, Mgonja alikwenda kwa mtawala kuomba mafuta ya kupaka mti. Akiwa nje ya ukuta alimsikia mtawala akimuuliza Senzota iwapo ngoma itasikika mpaka mtoni, chini bondeni. Mgonja alisimama pale pale. Alijua kwamba mzinga wake hauwezi. Lakini kuuacha ule maana yake ni kurudi msituni, kuangusha mti mwingine na kuanza upya, naye mgongo ulikuwa unamuuma. Akachukua mafuta yake, akaondoka. Hakumwambia Nakiete.

Siku ya kuijaribu ngoma, watu walijaa uani kwa mtawala, pale ukingoni mwa mlima, wakacheza. Nakiete alikuwa ameteremka mbali kidogo kuchota maji kwenye chemchemi. Akainua macho, akaona mikono ya mpigaji ikipanda na kushuka, lakini sauti haikumfikia. Alishangaa. Kisha akakumbuka alivyojibiwa, akasema moyoni kwamba hayo mengine si yake. Akajitwisha mtungi, akanyamaza.

Kisha siku moja mvua ikanyesha mbali, huko juu kwenye vyanzo vya mto, wakati bondeni jua linawaka. Nakiete alikuwa anaanika ngozi alipoyaona maji yakitokea korongoni, mekundu kwa udongo, yakiburura miti mizima na mizizi yake. Akakimbilia ukingoni mwa mlima. Huko akamkuta Senzota anapiga ngoma kwa mikono yote miwili.

"Unapiga ngoma na maji yanawajia watu?" Nakiete akamuuliza.

"Ndiyo kazi yake," Senzota akasema, bila kuacha kupiga. "Iliundwa iwaite wapande huku. Mbona hawainui vichwa?"

Nakiete akaisogelea ngoma. Aliitazama ile ngozi ya mbuzi, aliyoichagua mwenyewe na kuikwangua mwenyewe. Akatazama bondeni. Watu walikuwa wameinama, wanapalilia. Mmoja alijinyoosha, akafuta jasho, akainama tena. Mdogo wake Nakiete alikuwa ameolewa huko chini, na paa la nyumba yake lilionekana wazi kabisa. Nakiete alimwita mpaka sauti ikamkauka. Maji yakapita. Palipokuwa na mashamba pakawa na maji tu, na Senzota bado anapiga.

Walionusurika walipanda mlimani wakiwa na matope mpaka vichwani. Mdogo wake Nakiete hakuwamo. Hawakuomba chakula wala nguo. Walitaka mmoja wa wale watatu afukuzwe mlimani asirudi tena, na wawili watakaobaki waunde ngoma nyingine, kwa kuwa msimu wa mvua ndio kwanza ulikuwa unaanza.

Mtawala akawaita watatu hao waseme.

Senzota alisema kwamba aliyaficha maneno ya mtawala kwa kukusudia. "Wote wawili wana ndugu bondeni. Ningewaambia kwamba mto unahofiwa, wangetupa vifaa na kukimbilia kwao. Nilitaka ngoma iishe."

Mgonja alisema kwamba aliyajua kwa kusikia ukutani, naye hakuwa mtu wa kupewa siri hiyo. Na hata mzinga wake ungekuwa mnene, akasema, ngozi ile ya mbuzi isingefika popote.

Ikawa zamu ya Nakiete. "Mimi niliuliza nikafukuzwa," akasema. "Sikujua. Lakini niliona haisikiki, nikanyamaza kwa hasira tu."

Mzee mmoja wa bondeni akasema huyu mama asiguswe, kwani amekwisha kuadhibiwa. Mjane aliyekaa karibu naye akakataa. Alisema kati ya wote ni huyu peke yake aliyethibitisha kwa masikio yake kwamba ngoma haifiki, siku watu wote bado wako hai.

Mtawala akawatazama mmoja mmoja, asiweze kutamka jina. Huko juu kwenye vyanzo vya mto, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika tena.

Je, wewe uliyesikiliza, ungemfukuza nani? Na ngoma ya pili ungethubutu kuwaachia wepi wawili?