Picha Iliyouinamisha Mji

Hapo zamani, siku ya Jumatatu, tarehe kumi na mbili ya Mfungo Nne, ilipobaki robo kutimia saa tatu za asubuhi, Sultani Shekuwe wa Mwangome alichungulia dirishani akaona wanawake wakipita na mitungi kichwani, shingo wima, wala hapana aliyeinama kuliheshimu jumba lake. Akaghadhibika, akaamrisha aletwe Mbwarahaji, mchoraji wa kuta, fukara wa mali na tajiri wa maneno.

"Nichoree sura yangu katika ukuta wa nje," akasema. "Kila apitaye ainame mbele yake, pasipo askari wala fimbo. Akipita mmoja wima kufikia Ijumaa, utahama mji huu."

"Maulana, mwenye mtungi kichwani akiinama, ataoga."

"Hilo ni lako."

Mbwarahaji akatoka akikuna kichwa, maana hakuwa na mji mwingine. Naye aliijua sababu ya mitungi ile. Mfereji wa hamamu ya Sultani ulimwaga povu na taka katika kisima cha mtaani, basi wanawake, na dada yake Somoe miongoni mwao, ikawa wanafuata maji mwendo wa saa mbili. Walikwisha kulalamika mara saba. Sultani hakuteremka hata mara moja kutazama.

Basi asubuhi ya pili akachora picha ndogo kama punje ya kunde, chini kabisa ukutani, kando ya mdomo wa mfereji. Somoe akapita.

"Kaka, umechora, au ni nzi ametua?"

"Tua mtungi, utazame."

Akautua, akainama, akazidi kuinama, akacheka hata akaketi chini. Waliomkuta wakataka kujua kinachochekwa, nao wakatua mitungi. Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa umeinama pale, kila mmoja kajishika pua.

Sultani alipopashwa habari akafurahi mno, akateremka na mawaziri wake. Akainama, asione kitu. Akapiga magoti. Mwisho akalala kifudifudi, kilemba kikatumbukia mferejini, ndipo akaiona: Sultani mdogo yumo hamamuni anajisugua, na maji yake yanashuka moja kwa moja hata ndooni mwa mwanamke kisimani.

"Mbona umenichora uchi?"

"Nafasi ya nguo haikutosha, Maulana."

Mawaziri wakatazama juu, kana kwamba kuna ndege. Sultani akaondoka, ananuka, akaingia hamamu, akajipaka sabuni tangu utosi hata nyayo. Alipoinua kata ajimwagie, ile picha ikamjia, akaitua kata. Akapaaza sauti aitwe mwashi, augeuze mfereji uelekee kwenye migomba yake, naye asijimwagie hata tone kabla kazi haijakwisha. Ikawa hivyo. Kisima kikasafishwa, na Mbwarahaji akapewa ukuta wote uliosalia, achore atakavyo.

Wako wadaio kwamba Sultani alisimama na povu siku tatu. Wameongeza. Ilikuwa tangu adhuhuri hata magharibi tu. Na wasemao kwamba alilia kwa toba nao wamekosea. Ile ilikuwa sabuni machoni.