Jembe Lililoachwa Mferejini

"Mungu hana shida na mahindi yangu," mume alisema, "ila wanangu wanayo. Watakula nini, nyimbo za kwaya?"

Mkewe alikuwa ameinama akimfunga mtoto vifungo vya gauni, wala hakugeuka. "Watakula atakachowapa yule uliyemwahidi, Baba Mbonea. Mimi siku ile sikufungua mdomo. Wewe ndiye uliyesema."

Hapo ndipo walipokuwa wamefika, wapendwa, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Ngoja niwaeleze walikoanzia.

Hawa walikuwa wakulima wa mlimani, mahali ambapo mvua ikikatika, shamba linaishi kwa mfereji. Mfereji ni mmoja, unatoka juu msituni, unashuka ukipita shamba baada ya shamba, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu yako ikifika unaondoa kizibo chako cha tope na vigogo vya mgomba, maji yanaingia kwako. Saa yako ikiisha unaziba, yanaendelea kwa wa chini. Zamu ya Baba Mbonea ilikuwa Jumapili, tangu jua kuchomoza hadi saa sita mchana. Ikimpita, basi, anangoja siku kumi na nne. Na wakati huo mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele. Nani hapa hajui kwamba hindi likikosa maji wakati huo halibebi punje?

Sasa, ile ahadi. Mwaka uliotangulia, kitinda mimba wao, Nakiete, alishikwa na homa mpaka akaacha hata kulia. Baba alipiga magoti kando ya kitanda, mkewe na watoto wote wakisikia, akasema: Bwana, ukinirudishia huyu, nyumba hii nzima itasimama mbele zako kila Jumapili, hatakosa hata mmoja. Kulipopambazuka Nakiete alifumbua macho akaomba uji.

Baba akaitunza ahadi yake, mpaka jua lilipoanza kuchoma. Aliomba kubadilishana zamu na majirani, wakakataa, maana kila mtu alikuwa na kiu yake. Basi Jumapili ya zamu ya kwanza alibaki shambani, akasema ni leo tu. Ya pili hakusema kitu. Ya tatu watoto hawakumuuliza tena, na hilo lilimchoma kuliko kama wangeuliza. Tena saa sita ikifika hakuwa anaziba papo hapo. Alikuwa anajiongezea kidogo, mstari mmoja zaidi, kisha mwingine.

Asubuhi ile ya nne alichukua jembe, akatoka bila kumaliza chai yake.

Alisimama juu ya mfereji, jembe begani. Maji yalikuwa yanapita hapo miguuni pake, meupe, ya baridi, hayana haraka. Alihitaji kupiga jembe mara tatu tu, yawe yake. Akalinyanyua. Ndipo akaona familia yake ikishuka kwenye njia ya kanisani, mama mbele, watoto nyuma kwa mstari. Hakuna aliyetazama upande wake. Wa mwisho kabisa alikuwa Nakiete, na mikononi amekumbatia kitu kikubwa kumzidi. Mtoto akaacha mstari, akaja mpaka ukingoni mwa mfereji, akamwinulia baba yake jozi ya viatu.

"Baba, umesahau viatu," akasema.

Hakuna aliyemtuma. Mama yake alithibitisha hilo baadaye. Nakiete alikuwa na miaka minne, na kwa akili yake baba aliyeondoka nyumbani pekupeku Jumapili asubuhi ni baba aliyesahau viatu.

Yule mtu alilitupa jembe kwenye majani. Akanawa miguu kwa maji yaleyale aliyotaka kuyachukua, akavaa viatu, akamshika mtoto mkono. Kizibo akakiacha kama kilivyo.

Sitawadanganya kwamba aliimba kwa furaha. Alikaa benchi la nyuma, na kila watu walipofumba macho kuomba, yeye aliyasikia maji. Waliporudi jua lilikuwa limewaka, na majani ya mahindi yamejikunja kama sigara. Jirani mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akamtania, "Shemeji, leo malaika ndio waliomwagilia?" Baba Mbonea akatafuta jembe lake alipolitupa. Halikuwepo. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda.

Najua mnangoja nini. Mnangoja niseme wingu likatokea upande wa msitu. Halikutokea. Mvua haikunyesha siku ile wala wiki ile, na mwaka huo nusu ya mahindi yake hayakubeba. Ningeweza kuweka mvua hapa, ni mfano wangu. Lakini sisi sote tumewahi kutii tukaona jua likizidi kuwaka, na sitaki mtu atoke hapa akidhani yeye peke yake ndiye asiyenyeshewa.

Mimi nawauliza jambo lingine. Yale maji yalikwenda wapi?

Yalishuka. Yalipita shamba hili na lile, vizibo vyote vikiwa vimefungwa kwa kuwa haikuwa siku yao, mpaka mwisho wa mfereji, kwenye kishamba cha mjane mmoja. Zamu yake ilikuwa Jumapili hiyohiyo, kuanzia saa sita, baada ya Baba Mbonea. Lakini msimu wote ule, mchana maji yalikuwa yanamfikia yamekonda, yananyweka kwenye tope kabla ya kugusa mche wake hata mmoja. Mnakumbuka ule mstari mmoja zaidi, na mwingine? Yeye mjane hakujua habari zake.

Asubuhi ile, watu wakiwa ibadani, alipiga magoti katikati ya maharage yake yaliyokauka. Hakutoa sauti. Alimwambia Mungu moyoni: kama hunioni, niambie niache kukuita. Alipofumbua macho, maji yalikuwa yamelowesha magoti yake.

Haikuwa saa yake, akaogopa. Akadhani kizibo cha mtu kimevunjika. Akapanda akifuata mfereji, anatazama shamba kwa shamba, akakuta vizibo vyote vizima, hata cha mwenye zamu, na hapo pembeni jembe limelala kwenye majani. Akalichukua ili lisiibwe. Akarudi kumwagilia mpaka maharage yote yakanywa. Jua lilipoelekea kuzama, akapanda tena.

Wapendwa, sisi tunadhani utii wetu ni jambo la sisi na Mungu tu, na asubuhi yake tunakimbilia shambani kwetu kutazama kama amelipa. Tukikuta pakavu tunasema hakuona. Je, tumewahi kushuka mpaka mwisho wa mfereji? Tunajua ni nani amekauka huko chini kwa sababu ya kale kamstari tulikojiongezea? Tunajua ni nani aliyepiga magoti saa ileile tuliyovaa viatu shingo upande? Mimi nikiwaza hivi mwili unanisisimka. Baba yule alidhani ameacha maji tu. Mkono uliokuwa unamwongoza aliuona kama mkono wa mtoto.

Jioni ile hodi ikapigwa. Baba Mbonea akafungua mwenyewe. Mjane alikuwa amesimama hapo, matope hadi magotini, amelishika lile jembe kwa mikono miwili, na akakataa kuingia mpaka ajibiwe.

"Nilikuwa peke yangu kule chini," akasema, "na sikutoa sauti. Nimekuja kuuliza tu: ni nani katika nyumba hii aliyenisikia?"