Zamu ya Maji ya Nakijwa

Ajuaye amwandikiaye hakaukiwi wino. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo acheni kucheka mnisikilize. Eti mwalimu wenu kawaambia ni ya wahenga? Wahenga gani! Aliyeitamka mara ya kwanza ni babu yenu Elinaja, mume wangu, akiwa na tope mpaka magotini.

Babu yenu alikuwa na mdogo wake aliyefariki mapema, akaacha mjane, Nangasu, na binti mmoja, Nakijwa. Waliishi huku huku milimani Upare, wakilima tangawizi. Sisi wakati huo tulikuwa Moshi. Nakijwa alipelekwa shule ya bweni kule tambarare, na vumbi la kule nusura limuue, maana alikuwa na pumu. Nangasu akamrudisha nyumbani, akasema mtoto atasomea hapa hapa, mtihani wa kidato cha nne ataufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Hesabu na sayansi zilikwenda. Kilichomshinda ni kuandika. Nangasu alihangaika, jamani! Akauliza huku na huku mtaala gani wa uandishi ni mzuri, na kila mtu akamsifia wake. Kwanza akanunua kitabu kinene cha insha za kuigwa, mtoto akazikariri zote. Halafu akaazima masomo ya jirani ambaye mwanawe alifaulu vizuri, nayo yalikuwa nahau juu ya nahau. Nakijwa akawa anakaa mbele ya karatasi tupu mpaka chai inapoa.

Babu yenu ndiye aliyekuwa amebeba mzigo wa kusomesha, na hakuipenda habari ya kusomea nyumbani. Akaagiza, "Nikija Krismasi aniandikie insha. Isiponiridhisha, Januari anarudi bweni." Nangasu alilia aliposikia. Alijua lile vumbi.

Basi tukaja. Jioni ile Nakijwa akaandika, babu yenu akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Jua la matlai lilichomoza upeoni mwa bahari, nami nilijawa na furaha isiyo na kifani..." Akavua miwani.

"Nakijwa, bahari umeiona lini?"

"Sijawahi kuiona, baba mkubwa."

"Basi. Januari utarudi shule."

Nilimwambia ana moyo mgumu. Akaenda zake kulala.

Alfajiri mtoto akabanwa na kifua. Nangasu akakimbilia zahanati kutafuta dawa, mimi nikabaki namwegemeza na mito. Na asubuhi ile ile ilikuwa zamu yao ya maji. Nyie mnaijua ndiva: bwawa letu la juu, linajaa usiku, likifunguliwa asubuhi kila shamba lina zamu yake. Maji yakifika mferejini kwako na hukuwepo, yanapita kwa mwenzako, nawe usubiri mzunguko mwingine. Mvua ilikuwa imegoma, na tangawizi ile ndiyo iliyokuwa chakula chao. Aliyebaki wa kwenda ni nani? Babu yenu, mtu wa ofisini, ambaye jembe alilishika mara ya mwisho akiwa mtoto!

Kifua cha Nakijwa kilikuwa kimeanza kufunguka, lakini sauti haitoki. Akaonyesha kwa mkono anataka kalamu. Akaandika moja kwa moja, bila kuinua kichwa. Nilichungulia:

"Baba mkubwa, jiwe la kwanza linateleza, lipite pembeni. Zibua mfereji penye migomba miwili. Penye mgomba mmoja ni kwa Mzee Kiondo, atakufokea. Maji yakiingia usiyafuate, nenda ukayasubiri mwisho wa shamba. Yakikugusa miguu, rudi uzibe. Matuta ya juu yana tangawizi changa, weka gunia mdomoni mwa mfereji maji yaingie taratibu. Ukichoka kaa, ila usikae juu ya tuta."

Babu yenu akaondoka na karatasi ile. Aliporudi jua lilikuwa limepanda, suruali yake ya safari haitamaniki, na anacheka peke yake. Nangasu alikuwa amesharudi na dawa.

"Kila tuta limekunywa!" akasema. "Na Kiondo hakunifokea!" Akainamia kitanda. "Mwanangu, haya umeyatoa kwenye kitabu gani?"

Nakijwa akanong'ona, "Hakuna kitabu. Nilijua atakayesoma ni wewe, na mfereji huujui."

"Na insha ya jana?"

"Ile sikujua namwandikia nani."

Babu yenu akakaa pale chini na tope lake. Kisha akasema, "Kumbe ajuaye amwandikiaye hakaukiwi wino. Nangasu, mtoto habanduki hapa. Mtaala umeupata."

Nangasu alinishika mikono akasema asante mpaka nikamwambia inatosha. Tangu hapo hakumpa Nakijwa zoezi lisilo na mwenyewe. Leo anamwandikia mwenye duka, kesho bibi yake asiyeona vizuri. Siku ya mtihani alimfikiria msahihishaji kuwa baba mkubwa mwingine asiyejua mfereji. Akafaulu.

Babu yenu alipofariki, wazee walimtaka Nakijwa aandike risala ya familia, wakampa na mfano wa kufuata. Akaurudisha kwa heshima. Pale kaburini hakuanza na "ndugu waombolezaji". Alianza hivi: "Baba mkubwa, asante kwa asubuhi ile uliyolowa kwa ajili yangu."

Alisoma kurasa na kurasa, na sikumwona amefuta hata neno moja. Nililia, wanangu, lakini kwa shukrani. Ajuaye amwandikiaye hakaukiwi wino.