Bi Pimbi Amwangusha Nyati Bila Kumgusa

Hapo kale, wajukuu zangu, wanyama walikuwa na nyumba zao, wakipelekeana bakuli za uji na kuombana makaa ya moto. Ah, siku zile! Asubuhi ungesikia vinu, twi! twi! twi! na vicheko kisimani, maana kisima kilikuwa kimoja, na kilikuwa cha wote.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Maji yakapungua, na Nyati, mwenye nguvu kuliko wote, akajilaza ukingoni.

"Kuanzia leo kisima ni changu!" akanguruma. "Anayetaka kunywa aje apambane na pembe hizi!"

Swala akajaribu. Akarushwa kule, puu! Akarudi akichechemea.

Sasa, juu ya mawe aliishi Bi Pimbi, mkunga, mdogo kiasi cha kuenea kwenye kikapu. Alikuwa amezalisha nusu ya kijiji, na mambo ya mwili aliyajua. Siku hiyo akawatazama wanawe watatu. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, na tangu jana hakuna aliyekojoa.

"Mwili umebana mkojo," akajisemea. "Unashika kila tone ili damu isipungue. Ukishindwa kubana, nitawazika hawa."

Akashuka mbio.

"Shikamoo, Mzee Nyati!"

"Marahaba. Kama ni maji, rudi ulikotoka!"

"Maji? Wala! Nimeleta maneno tu. Kule bondeni wanasema Kifaru anakushinda nguvu."

"Kifaru?" Nyati akapuliza pua, fyuuu! "Anishinde mimi?"

"Eti alilala juani tangu asubuhi hadi alasiri, hakuonja hata tone, kisha akaruka akasimama mara moja. Nikawaambia, hata Mzee Nyati anaweza. Wakacheka!"

"Wakacheka! Basi nalala leo hii, na wewe utakuwa shahidi wangu!"

Nyati akajinyoosha juu ya mwamba pale pale ukingoni. Jua likapanda. Jasho likamtoka, tiri-tiri-tiri. Adhuhuri Bi Pimbi akamtegea sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakimbia, du-du-du-du! Akaelewa: damu imepungua maji, na moyo unaharakisha ili hicho kidogo kilichobaki kifike kichwani.

"Unajisikiaje, mzee?"

"Mzima kabisa!" akajibu Nyati, ulimi umegandana na kaakaa.

Alasiri ilipofika, wanyama, ambao Bi Pimbi alikuwa amewapelekea habari kwa siri, walikuwa wamejificha nyuma ya mawe, kila mmoja na kibuyu chake. Bi Pimbi akapaza sauti:

"Haya, mzee! Ruka!"

Nyati akaruka. Lo! Damu ikateremka miguuni, masikio yakalia nyiiii, dunia ikawa nyeusi. Puuu! Ardhi ikatikisika.

"Choteni!" akapiga kelele Bi Pimbi. "Watoto kwanza!"

Wakanywa, glu, glu, glu. Yeye mwenyewe hakunywa. Akamwita Swala.

"Njoo tumwinue miguu, tuiweke juu ya jiwe hili, damu imrudie kichwani. Sikuja kuua mtu hapa."

Nyati akafumbua macho. Bi Pimbi akamnywesha maji yenye chumvi kidogo, funda kwa funda.

"Chumvi itayashika maji mwilini," akamwambia. "Kunywa polepole."

"Umeniroga!"

"Sikukuroga, mzee. Nimekudanganya. Kifaru hajalala juani popote. Lakini ulivyoanguka wewe, ndivyo wanangu walivyokuwa wanakwenda kuanguka, na wao wasingeamka."

Nyati akageuza kichwa. Akawatazama wale watoto wakirushiana maji na kucheka, akamkumbuka marehemu mama yake, alivyokuwa akiwachotea majirani pale pale huku akiimba. Machozi yakamlengalenga.

"Bi Pimbi," akauliza, "mimi nilizaliwa mikononi mwa nani?"

"Mwangu. Na maji ya kukuogesha tuliyachota hapa."

Nyati akainuka. Safari hii hakuruka. Alikaa kwanza, akavuta pumzi, ndipo akasimama. Akaondoka ukingoni, wala hakulala pale tena.

Basi, wajukuu zangu, hadithi hii inatufundisha kwamba maji ya kunywa si ya kumnyima jirani, maana hata mwenye nguvu zote yakimpungukia mwilini huanguka.